Nani Asikiaye? Hadhira, Fumbo na Lahaja katika Ushairi wa Mvita

Utangulizi

Makala haya yanachunguza uhusiano uliopo baina ya mtindo wa usemi na hadhira katika fasihi ya Mji wa Kale wa Mombasa, kwa kuzingatia hasa tungo za Muyaka bin Haji na diwani ya Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla. Hoja inayojengwa ni kwamba mambo mawili ambayo wahakiki wamezoea kuyatia katika kapu moja, yaani fumbo na lahaja, hufanya kazi mbili zilizo mbali mbali. Lahaja humteua msikilizaji. Fumbo humtwika msikilizaji huyo dhamana ya maana. Mhakiki anayeyachanganya mawili haya hujikuta akisema kwamba mshairi wa Mvita "anaficha", na akishasema hivyo kazi yake hubaki ni kufichua tu: mamba ni fulani, mnazi ni nchi, jipu ni dhuluma, basi.

Nyuma ya uhakiki wa namna hiyo pana dai la zamani kwamba Waswahili, na watu wa Mombasa miongoni mwao, ni watu wa mafumbo. Dai hilo husemwa kwa kusifu na husemwa pia kwa kulaumu, lakini kwa vyovyote vile hulichukulia fumbo kuwa ni tabia ya kabila la watu, kama vile rangi ya ngozi yao. Lau dai hilo lingekuwa kweli, mtindo usingebadilika kwa kubadilika wasikilizaji. Nao hubadilika mno. Mtu yule yule anayepatana bei ya samaki Marikiti kwa maneno makavu, jioni barazani Kibokoni atakaa mbele ya mtu aliyemkosea na kumsimulia mtu wa tatu hadithi ya punda na mwenye punda, na kila aliyepo ataelewa.

Allan Bell, katika makala yake ya mwaka 1984 kuhusu mtindo na hadhira, alitoa ushahidi unaofaa kutajwa hapa. Alichunguza watangazaji wa redio huko New Zealand waliosoma habari katika stesheni mbili zilizokuwa na wasikilizaji wa matabaka tofauti. Msomaji alikuwa mmoja, jengo lilikuwa moja, na habari zilikuwa za aina moja. Kilichobadilika ni hadhira, na matamshi yakabadilika nayo. Bell alizipanga hadhira kwa daraja: msemewa mwenyewe, kisha msikilizaji anayetambuliwa kuwa ni mshiriki, kisha mpita njia anayejulikana kwamba anasikia, na mwisho mdukizi ambaye msemaji hana habari naye. Kwa mujibu wake, kadiri msikilizaji anavyokuwa mbali na msemaji ndivyo athari yake juu ya mtindo inavyopungua.

Nadharia hii ina manufaa makubwa, ila ikifikishwa Mji wa Kale inahitaji kugeuzwa kichwa chini. Katika hadithi ile ya punda, msemewa ni mtu wa tatu ambaye hana kosa. Aliyekusudiwa ni yule aliyekaa pembeni akijifanya anatazama njia. Mtindo wote, kuanzia uteuzi wa punda mpaka pale sauti inaponyanyuliwa, umetengenezwa kwa ajili ya asiyesemeshwa. Kwa maneno mengine, aliye mbali katika daraja za Bell ndiye mwenye nguvu zaidi.

Muyaka na wanaojua

Muyaka bin Haji anakisiwa kuzaliwa mwaka 1776 na kufariki mwaka 1840, na kwa hiyo maisha yake yamekwenda sambamba na miongo ya mwisho ya utawala wa Mazrui na kuanguka kwake mbele ya Sayyid Said mwaka 1837. Imesemwa mara nyingi kwamba yeye ndiye aliyeutoa ushairi msikitini akaupeleka sokoni. Kauli hiyo imekaririwa hadi ikapoteza makali, na aghalabu hufasiriwa kuwa ni suala la maudhui: kwamba aliacha mawaidha akatunga juu ya vita, biashara, wanawake na njaa. Lakini kuhama kutoka msikitini kwenda sokoni ni kuhama hadhira kwanza. Msikitini wasikilizaji wanaungana katika imani. Sokoni wanaungana katika habari za mji. Anayesimama mbele ya watu wa sokoni anaweza kuacha kutaja jina la mtu, jina la jahazi na siku ya tukio, kwa sababu yote hayo wanayo. Ufupi wa tungo za Muyaka, ambao humchosha mwanafunzi wa leo, haukuwa ugumu hata kidogo kwa waliomsikia mwanzo.

Mfano ulio wazi ni tungo za majibizano baina ya Mvita na Lamu zinazohusiana na vita vya Shela vya mwanzoni mwa miaka ya 1810. Kwa sura yake utungo wa namna hiyo unamsemesha adui aliye ng'ambo ya maji. Hata hivyo kabla haujafika Lamu umekwisha kusikika Mvita, na watu wa Mvita ndio watakaoamua kama umepiga au umekosa. Mshairi basi ana hadhira mbili kwa wakati mmoja. Kwa mmoja anatupa kejeli, kwa mwingine anatia moyo, na maneno ni hayo hayo. Kumwita Muyaka mshairi wa siasa bila ya kusema alikuwa akisikiwa na nani ni kusema nusu ya jambo.

Tungo hizo ziliponea chupuchupu kupotea. Mwalimu Sikujua bin Abdallah, na Mwingereza William Taylor, walizikusanya katika robo ya mwisho ya karne ya 19 kutoka vinywani mwa wazee, na Taylor alikuwa akiandika pamoja na beti maelezo ya watu na visa vilivyozizaa. Hili lina uzito kuliko linavyodhaniwa. Wale wazee hawakukariri beti tupu. Walikariri pia "alimwambia nani, na ilikuwaje". Kwao kisa kilikuwa sehemu ya shairi. Diwani ilipochapishwa na William Hichens mwaka 1940, tungo zikamfikia msomaji asiyekuwapo, asiyetarajiwa, wala asiyejuana na waliotajwa. Katika istilahi ya Bell, msomaji wa Muyaka wa leo ni mdukizi. Kazi ya Mohamed Abdulaziz ya mwaka 1979 ilikuwa na thamani kwa sababu hasa ilijaribu kumrudishia mdukizi huyu baadhi ya yale ambayo mtu wa sokoni alikuwa nayo bure.

Leso, taarabu na mahakama

Dhana kwamba fumbo ni la kuficha inavunjika haraka zaidi ukitazama matumizi yake yasiyo ya vitabuni. Mwanamke huenda Biashara Street akachagua leso si kwa rangi peke yake bali kwa jina lake, yaani maneno yaliyochapwa juu yake. Anaivaa akapita mbele ya nyumba ya jirani. Leso haikutaja mtu. Jirani akinyamaza, limempita, akitoka nje akauliza "unanisema mimi?", amekwisha kukiri kwamba maneno yanamhusu. Hapana lililofichwa: maandishi ni makubwa, yanasomeka kutoka ng'ambo ya njia. Kilichofanyika ni kuhamisha dhamana. Aliyevaa hana la kujibu, aliyesoma ndiye mwenye la kueleza.

Taarabu nayo hufuata njia hiyo, ila kwa utata zaidi. Nyimbo nyingi alizoimba Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014, zilitungwa na jamaa yake Ahmad Nassir Juma Bhalo, ambaye diwani yake ya Malenga wa Mvita ilitoka mwaka 1971. Mtunzi alikuwa na sababu yake ya kutunga, na mwimbaji pengine alikuwa na yake ya kuimba. Lakini katika arusi ya Kuze au ya Mkanyageni, msikilizaji anaweza kuinuka katika mshororo fulani na si katika mwingine, akaenda kumtunza mwimbaji huku macho yake yakiangalia upande fulani wa ukumbi. Kwa kitendo hicho mshororo umepata mlengwa mpya ambaye mtunzi hakumjua wala hakumwota. Wimbo ule ule, wiki ya pili, katika arusi nyingine, utamlenga mwingine. Mhakiki atakayeuliza "wimbo huu unamhusu nani?" anauliza swali lisilo na jibu moja, na ni afadhali alikubali hilo kuliko kubuni jibu.

Inawezekana mtu akasema kwamba mifano hii inathibitisha dai lile la tabia: wanawake wa Kiswahili husema kwa mafumbo kwa kuwa desturi inawataka wasitiri mambo ya nyumbani. Utafiti wa Susan Hirsch katika mahakama za Kadhi za pwani ya Kenya, uliochapishwa mwaka 1998, unalijibu dai hilo vizuri. Hirsch aliona kwamba wake wanaofika mbele ya Kadhi husimulia. Husimulia kwa urefu, kwa kuyarejea maneno ya mume na maneno yao wenyewe, siku kwa siku, mambo yale yale ambayo barazani wasingeyataja hata kwa leso. Waume, kinyume chake, husema kwa ufupi na kwa kutamka hukumu, kama wanavyotamka talaka. Zaidi ya hayo, wake hao ndio wanaofungua kesi nyingi, na mara nyingi huzishinda. Kwa hiyo ukimya na fumbo si maumbile ya mwanamke wa Mvita. Ni mtindo anaouvaa mahali fulani na kuuvua mahali pengine, na mahali pa kuuvua ni pale ambapo msikilizaji mmoja, Kadhi, ana wajibu wa kuamua na hawezi kusema "sikuambiwa mimi". Palipo na msikilizaji mwenye dhamana kisheria, fumbo halina kazi tena.

(Inasikitisha kwamba masimulizi ya mahakamani hayajapewa nafasi katika somo la fasihi simulizi, ambalo bado limeng'ang'ania ngano za sungura na fisi.)

Mwandishi mmoja, mitindo miwili

Hakuna mahali ambapo suala hili linajitokeza kwa ukali zaidi kuliko katika kazi za Abdilatif Abdalla za kati ya mwaka 1968 na 1973. Mwaka 1968, akiwa kijana wa Mombasa aliyekiunga mkono chama cha Kenya People's Union, aliandika waraka ulioitwa Kenya: Twendapi? Waraka huo ulimfanya ashitakiwe kwa uchochezi, na kuanzia mwaka 1969 hadi 1972 alikuwa kifungoni. Humo ndimo alimotunga, kwa siri na juu ya karatasi za chooni, mashairi yaliyotolewa mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki. Ni mtu mmoja, mwenye imani zile zile za kisiasa, na muda baina ya maandishi hayo mawili ni mfupi. Mtindo, hata hivyo, ni kama wa watu wawili.

Tofauti hiyo yaweza kuonekana katika majina tu. "Twendapi" ni neno lenye ladha ya pwani, kwa wakati wake wa -a- na kiulizi -pi kilichopachikwa mwishoni, lakini hapana msomaji wa Kiswahili wa Nakuru au Kisumu ambaye lingemsimamisha. Nafsi yake ni ya wingi, nayo inawakusanya Wakenya wote katika safari moja. Huu ni mtindo wa mtu anayesema na wasiomjua, usiku, kwa karatasi inayopitishwa mikono. Anataka kila aishikaye aielewe, na kwa hiyo anaacha Kimvita na anaacha fumbo, vyote viwili.

Ndani ya diwani mambo yanageuka. Yapo mashairi kama "Siwati" na "N'shishiyelo ni Lilo", ambayo maana yake haikufumbwa hata chembe: mfungwa anasema kwamba msimamo wake haubadiliki. Lililofungwa humo ni lugha. "Wata" ni "acha" ya Kimvita, na "shishiye" ni hali timilifu ya kale ya "shika", ambayo Kiswahili sanifu hakinayo. Mtu asiyelelewa katika lahaja za kuanzia Mvita kwenda kaskazini anahitaji kamusi kuifikia kauli ambayo kwa mwenyeji ni nyepesi kama maji. Kwa upande mwingine yako mashairi kama "Mamba" na "Jipu", ambayo majina yake yanajulikana na kila mzungumzaji wa Kiswahili kutoka Lamu hadi Lubumbashi, na kilichofungwa humo ni maana. Ni kweli kwamba diwani nzima imeandikwa kwa Kimvita, na haifai kuuchora mpaka huu kwa rula. Hata hivyo mwelekeo upo, nao unatosha kuonyesha kwamba lahaja na fumbo ni milango miwili tofauti, na mshairi ana ufunguo wa kila mmoja.

Pingamizi moja inastahili kujibiwa kwa kirefu kidogo. Yaweza kudaiwa kwamba Kimvita hapa hakikuchaguliwa, bali kililazimishwa na arudhi. Kwamba maumbo mafupi ya lahaja husaidia mizani na vina, na kwamba mshairi yeyote wa kimapokeo angefanya hivyo. Arudhi ina sehemu yake, hilo halipingwi. Lakini hebu jina "N'shishiyelo ni lilo" lihesabiwe: n', shi, shi, ye, lo, ni, li, lo, mizani minane, kipande kilichotimia. Kwa Kiswahili sanifu lingekuwa "Nililoshika ni hilo", nalo lina mizani minane vile vile na kina kile kile cha -lo. "Siwati" na "siachi" zote zina mizani mitatu. Arudhi, basi, ilikuwa radhi na umbo lolote kati ya hayo. Aliyechagua ni mtunzi.

Wala haiwezi kusemwa kwamba hakuwa na lugha nyingine. Alipotoka gerezani mwaka 1972 alikwenda Dar es Salaam kufanya kazi katika Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, na kuanzia mwaka 1979 alikuwa mtangazaji wa Idhaa ya Kiswahili ya BBC, London. Hiyo ni lugha sanifu kwa mshahara. Hapa ndipo anapotofautiana na Muyaka, ingawa wote wawili hutajwa pamoja kama washairi wa Kimvita. Muyaka alitunga kwa Kimvita kwa kuwa ndiyo lugha iliyokuwapo mjini. Baada ya mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliokichagua Kiunguja kuwa msingi wa usanifishaji, na hilo lilifanyika katika mji wenyewe wa Muyaka, kuandika kwa Kimvita kulikoma kuwa jambo la kawaida, kukawa ni kauli. Mfungwa anayeandika "siwati" mahali ambapo angeweza kuandika "siachi" anamwambia msomaji mmoja "wewe nakusemesha" na mwingine "wewe wasikia tu".

Ni nani, basi, aliyesemeshwa? Gerezani hapakuwa na baraza, hapakuwa na soko, wala hapakuwa na wa kumtunza mwimbaji. Aliyekuwapo ni askari jela, yaani mdukizi halisi, ambaye kama angeiona karatasi ingekuwa balaa. Maelezo ya kawaida hudai kwamba fumbo lilikuwa ngao dhidi ya mtu huyo. Maelezo hayo hayasimami. Kwanza, "Siwati" haina ngao yoyote ya maana, na ingetosha peke yake kumtia mtunzi matatani. Pili, "Mamba" linapoanza, msemaji anatangaza waziwazi kwamba anafumba na kwamba kufumbua ni kwa wenye uwezo. Mtu anayejificha hapigi mbiu kwamba anajificha. Methali isemayo fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huling'amua, imetumiwa sana kueleza shairi hilo, nayo haifai, kwa sababu shairi halimkimbii mwerevu, linamwita.

Kinachoonekana, badala yake, ni mshairi aliyenyimwa hadhira akiijenga upya kwa lugha. Kimvita kinawaketisha watu wa nyumbani karibu naye, wale ambao kwao "shishiye" halihitaji tanbihi. Kwao anasema wazi, kwa kuwa hana haja ya kuwafumbia. Fumbo la mamba mtoni, ajionaye hodari, linaelekezwa nje ya duara hiyo, kwa yeyote atakayelipata baadaye. "Mnazi: Vuta N'kuvute" linaufanya mpango huu kuwa muundo wa shairi zima: ndugu wawili wanagombania mti, kila mmoja akimsemesha mwenziwe, na msomaji anabaki pembeni kama jirani asikiaye ugomvi kupitia dirishani. Mnazi huo umesomwa mara nyingi kuwa ni nchi na mali yake, na usomaji huo una mashiko. Lakini usomaji unaoishia hapo unasahau kwamba shairi halikumsemesha msomaji hata mara moja. Limemwacha asikie, aamue mwenyewe kama ugomvi huo ni wake.

Na "Kuno Kunena", shairi linalouliza juu ya kule kusema kulikomfikisha mtunzi gerezani, linadhihirisha kwamba alikuwa akilijua suala hili vizuri kuliko wahakiki wake. Kusema wazi kwa wote, kama alivyosema katika waraka, kulikuwa na gharama yake, na gharama hiyo ililipwa na msemaji peke yake. Waliousoma walibaki majumbani. Fumbo linagawa gharama kwa namna nyingine.

Mwaka 1974 Sauti ya Dhiki ilipewa Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta, tuzo yenye jina la rais ambaye serikali yake ilikuwa imemfunga mtunzi. Jambo hili huchukuliwa kuwa ni kichekesho, au ni ushahidi kwamba wenye mamlaka hawakuelewa. Dhana ya kutoelewa ni nyepesi mno. Waraka wa mwaka 1968 ulikuwa umesema na kila mtu, na kwa hiyo dola iliweza kuuchukua mahakamani ikausoma mbele ya hakimu bila ya kujidhuru. "Mamba" ni leso iliyopita mbele ya nyumba. Ili shairi hilo lishitakiwe, ingepasa mtu asimame kizimbani aeleze, kwa kiapo, mamba ni nani.